Umati Unavyoitika kwa Sauti Moja

Bonga iko kilomita 19 hivi kutoka Babati mjini, kwenye barabara iendayo Kondoa na Dodoma. Msimu wa kampeni, sehemu ya namna hii ni kituo cha kusimama njiani: gari la matangazo linatangulia, watu wanajaa pembeni ya lami, mgombea anachomoza juu ya gari, na dakika alizo nazo ni chache. Ndani ya dakika hizo umati lazima uitike, tena uitike pamoja.

Waandaaji wengi huhangaikia idadi ya watu. Hesabu ya sauti haiwaungi mkono. Wapiga kelele wakiongezeka maradufu, kelele hupanda kwa desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi kwamba kelele imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika desibeli 10 hivi, maana yake watu mara 10. Umbali nao unakula: mahali pa wazi, kila hatua zikiongezeka maradufu kutoka kwa msemaji, sauti yake hupungua desibeli 6.

Kazi kubwa basi ni kuoanisha wakati. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Aliyesimama mita 100 kutoka kwenye gari hulisikia neno baada ya karibu theluthi moja ya sekunde, na jibu lake huchukua muda uleule kurudi. Watu wa mbele wameshamaliza, wa nyuma ndio kwanza wanafika. Wakipewa sentensi ndefu ya kuitikia, kinachosikika ni mvumo usio na maneno.

Wito wa kisiasa umeundwa kulikwepa tatizo hilo. “CCM!” hujibiwa “Oyee!”, na irabu ile ya mwisho inavutika: wa nyuma huingia kabla wa mbele hawajaishiwa pumzi, kuchelewa kukafichwa. “Peoples!” ya CHADEMA hujibiwa “Power!”, neno moja lenye mlipuko mwanzoni. Jomo Kenyatta nchini Kenya aliita “Harambee!” akajibiwa “Hee!”, silabi moja tu.

Kisha kuna mkono. Ukipandishwa pamoja na wito, wote huuona papo hapo, wa mbele na wa nyuma, kwa sababu mwanga hausubiri kama sauti. Msemaji mzoefu hurudia wito mara tatu: wa kwanza watu wanatafuta mwendo, wa pili wanaupata, wa tatu ndio unaotikisa.

Chama cha TANU kilipata njia nyingine. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma, alipoanza kuwakusanya wanawake wa Dar es Salaam, alipitia vikundi vya ngoma kama lelemama. Wanawake hao walikwisha kuzoea kupokea kiitikio kwa pamoja. Walikuja mkutanoni wakiwa kundi lililokwisha kufanya mazoezi, na vigelegele vyao, vilivyo juu kuliko sauti nzito za wanaume, vilipenya.

Uwanja wa mpira una kanuni zake. Tanzanite Kwaraa mjini Babati, kilikofanyika kilele cha mbio za Mwenge Oktoba 14, 2023, umekuwa pia uwanja wa nyumbani wa Fountain Gate katika Ligi Kuu. Mashabiki hawana msemaji, wana ngoma. Lakini kiwanja kina urefu wa mita 100 hivi, kwa hiyo pigo la goli hili hufika goli lile likiwa limechelewa. Pande mbili zikijaribu wimbo mmoja, zinavurugana. Ndiyo maana wimbo hushika vizuri ndani ya jukwaa moja.

Vipaza sauti navyo vina mtego wake. Spika mbili zikiachana kwa zaidi ya mita 17 hivi, msikilizaji aliye karibu na mojawapo huanza kusikia neno mara mbili, kwani sauti ya pili imechelewa zaidi ya milisekunde 50. Kwenye viwanja vikubwa fundi huzichelewesha spika za mbali kwa makusudi ili zilingane na jukwaa. Kando ya barabara ya Bonga, spika zikifungwa zote juu ya paa la gari moja, fundi hana haja ya hesabu hiyo. Linalobaki kwake ni kuzielekeza waliko watu.