Mgeni wa Yegen

Wahenga wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ni mizani inayofaa kukipimia kitabu cha Gerald Brenan, South from Granada, kilichochapishwa mwaka 1957. Mwandishi huyu, Mwingereza aliyepigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, alipanga nyumba mwaka 1920 katika kijiji cha Yegen, kwenye milima ya Alpujarra, kusini mwa Hispania. Alikuja na vitabu vipatavyo 2,000, akakaa hapo kwa vipindi hadi mwaka 1934.

Uzuri wa kitabu umo katika ukaaji huo. Mpita njia huona kuta nyeupe na theluji ya Sierra Nevada. Brenan ameona pia mifereji inayoteremsha maji ya theluji hiyo mashambani, mapaa bapa ya udongo, mazishi, uchumba na ndoa. Nasi wa pwani hatutajiona wageni kabisa humo. Waislamu walilima matuta ya milima hiyo mpaka walipofukuzwa baada ya uasi wao wa 1568 hadi 1571. Bwawa la kumwagilia mashamba, Mhispania huliita alberca, neno litokanalo na Kiarabu birka, asili ya birika letu la msikitini.

Hata hivyo, kitabu kina kimya kizito. Mwaka 1931 Brenan alipata binti, aliyezaliwa na msichana wa Yegen aliyekuwa mtumishi nyumbani mwake. Mtoto akaja kulelewa na Brenan na mkewe, mbali na mama yake. Mwandishi aliyetueleza kwa kina jinsi vijana wa kijiji wanavyochumbiana, hili hakutueleza. Alilisimulia baadaye, katika Personal Record ya mwaka 1974, na filamu ya Fernando Colomo ya mwaka 2003 ikalifanya kuwa kiini cha kisa chake.

Je, tukiweke kando? La. Maelezo yake ya kijiji yangali na thamani, na lugha yake ni safi. Lakini tusome sura za uchumba tukimkumbuka msichana yule, kwani ndipo tunapotambua kuwa msimulizi hakuwa mtazamaji tu. Mgeni alipata utulivu wa kusoma, akapata mtoto na kitabu. Mwenyeji wake mmoja alibaki bila mwana, na kisa chake hakikusimuliwa humo.