Samaki Pundamilia: Nani Analipia Kutunza Zana?

Ukisikia serikali ya Marekani inamwaga mamilioni ya dola kwa kisamaki cha sentimita nne hivi, unaweza kucheka. Usicheke kwanza. Samaki pundamilia, mwenyeji wa maji ya India na Bangladesh, hukuza mayai yake nje ya mwili, na kiinitete chake hupitisha mwanga. Siku moja tu baada ya yai kurutubishwa, unaona moyo ukidunda kwenye hadubini bila kupasua chochote. Tena jenomu yake, iliyochapishwa 2013, ilionyesha kuwa takriban asilimia 70 ya jeni zetu zina angalau jeni moja inayolingana nazo kwake.

Kwa hiyo sina ugomvi na fedha zenyewe. Ugomvi wangu ni jinsi zinavyotolewa. Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani (NIH) zimelipia zana nyingi, ikiwemo hifadhidata ya ZFIN na kituo cha Oregon kinachotunza samaki wenye mabadiliko ya jeni na mbegu zao zilizogandishwa. Lakini vitu hivi vya kudumu vinaishi kwa ruzuku za miaka michache. Anayebuni zana mpya anapigiwa makofi, anayeitunza anaulizwa, "Sasa jipya ni lipi?" Mwaka 2016 ulipotangazwa mpango wa kuunganisha hifadhidata za viumbe kadhaa vya utafiti ili kubana matumizi, wanasayansi wengi walipinga.

Utasema, kuunganisha si kunapunguza kazi ya kurudiarudia? Kweli kabisa. Lakini anayesoma makala na kusahihisha taarifa za kila jeni bado ni binadamu, na anahitaji mshahara.

Chukua mfano wa samaki aitwaye "golden", mwenye milia iliyofifia. George Streisinger alimtumia katika utafiti wake wa 1981. Jeni yenyewe, slc24a5, ilitambuliwa 2005, miaka 24 baadaye, na ikasaidia kueleza tofauti ya rangi ya ngozi kati ya Waafrika na Wazungu. Kizazi hicho cha samaki kingetupwa kwa kukosa "jipya", hiyo njia ingekuwa imefungwa.

Basi zana zipimwe kwa idadi ya wanaozitumia, siyo kwa upya wake, na fungu la matunzo litengwe mapema. Mlipa kodi ameshanunua kisima. Kamba ya kutekea maji isikatwe.