Reli Iking'olewa, Ardhi Hubaki ya Nani?

Treni ilifika Lubumbashi, wakati huo Élisabethville, mwaka 1910, ikitokea kusini kupitia Sakania. Mji wenyewe ulikuwa ndio kwanza unapimwa viwanja. Tangu zama hizo watu wa Katanga wamekuwa wakitembea kandokando ya reli na hata juu ya mataruma, hatari au si hatari, kwa sababu moja isiyohitaji maelezo marefu: reli hupita palipo sawa. Mtu anayeingia mjini kutoka pembezoni, tuseme upande wa Hewa Bora, akisukuma kinga, yaani baiskeli, iliyopakiwa magunia ya makaa hadi usukani hauonekani, hatafuti njia fupi. Anatafuta njia isiyo na mlima.

Hapo ndipo ilipo siri ya kugeuza reli iliyokufa kuwa njia ya miguu na baiskeli. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza, na garimoshi lenye mabehewa ya shaba halipandi mwinuko ambao lori hupanda bila kubadili gia. Kwa hiyo waliojenga reli walikata vilima, wakajaza mabonde, wakapinda kona taratibu, wakachimba mitaro na kuweka makalvati ili mvua isilichukue tuta. Kazi hiyo ndiyo iliyokula fedha. Vyuma vikiondolewa, sehemu ya ghali ya barabara ya baiskeli inakuwa imeshajengwa, tena imeshindiliwa kwa uzito wa treni za miaka mingi.

Kinachobaki kinaonekana chepesi, na ndiyo maana wengi hukosea wakidhani mradi wa namna hii ni suala la lami, kumbe kwanza ni suala la ardhi.

Mfano mzuri uko Ubelgiji, nchi iliyokuwa ikiitawala Katanga reli ilipofika. Mwaka 1995 Jimbo la Wallonia lilianzisha mtandao wa njia za polepole uitwao RAVeL, uliotumia reli zilizoachwa pamoja na kingo za mito na mifereji. Shirika la reli la nchi, SNCB, halikuuza ardhi yake kipande kwa kipande kwa kila aliyekuja na fedha mkononi. Liliikodisha kwa serikali ya jimbo kwa miaka 99, kwa mkataba wa aina ya emfiteozi: mwenye ardhi anabaki mwenye ardhi, mpangaji anajenga, anatunza na kubeba lawama. Mhandisi anaweza kuiona karatasi hiyo kama jambo la makarani, lakini bila karatasi hiyo angejikuta na njia ya kilomita 3, halafu uzio, halafu bustani ya mtu, halafu kilomita 2 nyingine.

Njia iliyolipima wazo hilo vikali kuliko zote ni Vennbahn. Waprusia waliijenga miaka ya 1880 ili kusafirisha makaa ya mawe ya Aachen na chuma cha Luxemburg. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles na mipaka iliyofuata ikaipa Ubelgiji ukanda wa reli wenyewe, hata pale ambapo nyumba za pande zote mbili zilibaki kuwa za Wajerumani. Matokeo yake ni kituko cha ramani ambacho bado kipo: vipande vitano vya Ujerumani vimetengwa na nchi yao kwa utepe mwembamba wa Ubelgiji. Huko Roetgen mtu anaweza kutoka Ujerumani, akavuka tuta, akaingia tena Ujerumani, na katikati akawa amekanyaga Ubelgiji kwa hatua chache tu.

Treni za mizigo na za abiria zilikoma, zikafuata treni za watalii ambazo nazo zilisimama mwaka 2001. Kwa kawaida huo ndio wakati ambapo majirani huanza kusogeza mabanda yao. Lakini nani angesogeza banda lake kuvuka mpaka wa kimataifa? Ukanda ukabaki mzima kwa bahati ya wanadiplomasia waliokufa zamani. Njia ilipofunguliwa rasmi mwaka 2013 ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 125, kutoka Aachen hadi Troisvierges nchini Luxemburg, ikipita katika nchi tatu, na mwinuko wake kwa sehemu kubwa hauzidi mita 2 kwa kila mita 100.

Ujenzi wenyewe una mpangilio unaofanana karibu kila mahali. Vyuma na mataruma hutolewa kwanza, na mauzo ya chuma chakavu husaidia kulipia kazi. Mataruma ya mbao yaliyolowekwa kreosoti hayaruhusiwi kuchomwa ovyo wala kugeuzwa viti vya bustani, kwa kuwa ni sumu. Udongo nao hupimwa, maana reli nyingi zilinyunyiziwa dawa kali za magugu kwa miongo kadhaa. Kokoto kubwa za reli humtesa mwendesha baiskeli, hivyo huondolewa au huzikwa chini ya tabaka la kokoto laini iliyoshindiliwa, kisha hufuata lami au vumbi la mawe. Mitaro huzibuliwa kabla ya tabaka hizo kuwekwa. Anayeanza na lami na kuacha mitaro atairudia kazi baada ya masika mawili. Penye makutano na barabara ya magari, vizuizi huwekwa kwa nafasi ambayo baiskeli inapita na pikapu haipiti.

Si kila mita hufuata reli ya zamani. Karibu na Kalterherberg vyuma viliachwa kwa ajili ya vigari vya kukanyaga vya watalii, na njia ikasogezwa pembeni. Handaki la Lengeler, mpakani mwa Ubelgiji na Luxemburg, liliachiwa popo, na waendesha baiskeli hulizunguka kwa kupanda kilima juu yake.

Afrika Mashariki imeona upande wa pili wa mambo. Zanzibar ilikuwa na reli ya kwenda Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwanzoni mwa karne ya 20 na kuacha kubeba abiria mwaka 1922. Kusini mwa Tanganyika, reli ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga ilijengwa miaka ya 1940 hadi Nachingwea, ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vikang'olewa. Zote mbili zilikoma bila mtu kupewa jukumu la kulinda ukanda.

Congo ina sheria inayoweza kufanya kazi hiyo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali, na emfiteozi imo ndani yake, ingawa muda wake hauzidi miaka 25, unaoweza kuongezwa. Huo ni muda mfupi kwa atakayejenga madaraja, lakini unatosha kwa njia ya vumbi la mawe. Tatizo la Lubumbashi liko kwingine. Reli yake haijafa. Treni za SNCC, shirika la reli la Congo, bado hupita, na reli ya Benguela, iliyokatika wakati wa vita vya Angola, ilifufuliwa na sasa ndiyo roho ya ule ukanda wa kuelekea bandari ya Lobito, Angola, unaozungumzwa kila mahali. Anayetangaza leo kwamba tawi fulani limekwisha anaweza kuumbuka kesho.

Wamarekani walikutana na shaka hiyo hiyo. Ukanda wa reli zao nyingi ulikuwa umeazimwa tu kutoka kwa wamiliki wa mashamba, na reli ikitangazwa kuachwa, ardhi ilirudi kwao. Sheria yao ya mwaka 1983 ikaruhusu ukanda uhesabiwe kama reli iliyopumzishwa: watu watembee, na treni ikihitajika irudi. Wenye mashamba walikwenda mahakamani, na mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Marekani ikaiacha sheria isimame. Kwa Lubumbashi mpango wa aina hiyo ungefaa zaidi kuliko wa Kibelgiji, hasa kwa matawi ya kuingia migodini na viwandani, ambako treni ni chache na watembea kwa miguu ni wengi. Na kwenye reli inayotumika, njia ingeweza kupita pembeni ya tuta, ndani ya eneo lile lile la SNCC, ikitenganishwa na treni kwa uzio, yenye vivuko vichache vilivyowekwa pale ambapo watu tayari wanavuka.