Siri Mbili Katika Nyumba Moja: Kinaya na Haki Katika *Mighty Like a Moose* (1926)

Filamu fupi za vichekesho zilizotengenezwa Marekani katika miaka ya 1920 huelezwa mara nyingi kana kwamba mvuto wake wote umo katika vipigo, mianguko na kukimbizana. Maelezo hayo hayatoshelezi kwa zile zinazohusu ndoa. *Mighty Like a Moose*, filamu bubu iliyoongozwa na Leo McCarey kwa studio ya Hal Roach, inaonyesha kwamba kicheko cha aina hii hutokana kwanza na mgawanyo wa maarifa: nani anajua nini, na kwa muda gani.

Mume, anayeigizwa na Charley Chase, ana meno yaliyotokeza. Mkewe, anayeigizwa na Vivien Oakland, ana pua kubwa. Kila mmoja huenda kurekebishwa kasoro yake bila ya kumwambia mwenzake. Wanapokutana baadaye hawatambuani, hupendezwa, na hukubaliana kwenda pamoja kwenye tafrija. Mtazamaji peke yake ndiye ajuaye kwamba wanaosalitiana ndio hao hao wanaotongozana. Kinaya hapa kimekamilika, kwa kuwa kosa limegawanywa sawasawa: hakuna aliye safi wa kumhukumu mwingine, na uzinzi wenyewe, ukitazamwa vizuri, ni wa mume na mkewe halali.

Usawa huo huvunjika pindi mume anapoutambua ukweli kabla ya mkewe. Badala ya kukiri, anajitwalia kiti cha hakimu. Anajigawa kuwa wawili, mume mwenye meno ya zamani na hawara mwenye sura mpya, kisha anapigana na nafsi yake, akiingia na kutoka, ili mke aliyekosa kama yeye atiwe adabu. Onyesho hilo husifiwa, na lastahili sifa. Wepesi wa Chase wa kubadili uso na mwendo ni wa nadra. Lakini pale filamu inapofikia kilele cha ustadi ndipo uadilifu wake unapopungua. McCarey mwenyewe, katika *The Awful Truth* (1937), aliwapa mume na mke shaka sawa, na kila mmoja fursa ya kumvurugia mwenzake.

Mwaka 2007 filamu hii iliingizwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya filamu za kuhifadhiwa, na inafaa kufundishwa. Inafaa nzima. Kuonyesha pambano pekee darasani, bila makutano yanayolitangulia, ni kumpa mwanafunzi ushindi wa mume na kumnyima ushahidi wa kosa lake.