Kabla ya Rangi

Anayeishi Dar es Salaam na kulaza gari karibu na bahari anaujua ugonjwa wa rimu za aloi. Huanza na mstari mweupe, mwembamba, chini ya laka, karibu na tundu la nati au pale ukingo wa barabara ulipokwangua. Miezi inapita, mstari unatambaa, unajipinda, unazaa mwingine, na ile rangi ya fedha iliyokuwa fahari ya mwenye gari inabanduka magamba. Chumvi imepata mlango. Hapo ndipo linapokuja swali linalosikika sasa katika kila gereji: nizipige rangi, au nikazipige poda?

Watu hulijibu haraka, kama waulizwao Simba au Yanga. Na wa poda wana hoja. Ule unga mkavu ukishatiwa umeme na kuvutwa na chuma, ukaingia tanurini kwenye nyuzi 180 hadi 200, hutoka umekuwa ngozi moja ngumu. Kokoto za barabara ya vumbi zinaigonga na kuiacha ilivyo. Vumbi la breki linafutika kwa kitambaa. Mjerumani Erwin Gemmer, aliyebuni miaka ya 1950 namna ya kuzamisha chuma cha moto katika unga uliopulizwa hewa, hakuwa na habari ya rimu zetu, lakini kazi yake imezifikia. Kwetu poda iliingilia upande wa fremu za madirisha, mageti na viti vya ofisini, na hilo tutalirudia, kwa sababu lina madhara yake.

Mimi hupenda kukaa kwenye benchi la fundi rangi mmoja wa Gerezani, mzee asiye na tanuri, na ninachokifuata pale hutokea kabla kopo la rangi halijafunguliwa.

Rimu haiguswi mpaka ivuliwe tairi. Vipande vya risasi vya balansi vinabanduliwa na gundi yake inakwanguliwa. Inaoshwa kwa sabuni, inafutwa kwa thina, inapigwa msasa wa maji, mkali kwanza, laini baadaye, ndani ya kila kona ambamo kidole cha mtu mzima hakitoshi. Kona hizo huzifuata kwa kijiti alichokizungushia msasa. Penye ule ukungu mweupe wa kutu ya aloi hachezi. Anakwangua mpaka chuma king'ae, kisha anavuka mpaka wa ugonjwa na kukwangua kidogo mahali penye uzima, maana kutu hii hutangulia kutembea chini kabla haijaonekana juu.

Halafu yanakuja maji. Huchota maji safi kwa kopo na kuyamwaga taratibu juu ya aloi iliyo uchi, kisha anachuchumaa na kutazama. Hasemi. Maji yakitanda yote kwa pamoja, bila kukatika, anaguna na kuiweka rimu juani. Yakijikunja na kuwa matone, hata mahali padogo pa upana wa ukucha, pana mafuta: grisi ya bearingi, au ile dawa ya kung'arisha matairi wanayopaka vijana wa kuosha magari, au jasho la kiganja chake mwenyewe. Anarudi kwenye sabuni.

“Fundi, si umeshaiosha hiyo?” aliuliza siku moja mwenye gari, saa mkononi.

“Nimeiosha, bosi. Haijatakata.”

Yule bwana akatazama maji, akamtazama mzee, akaona anacheleweshwa. Jirani yao wakati huo alikuwa anamaliza gari la pili: matairi yakiwa mahali pake, magazeti yamebandikwa pembezoni, kopo la kupuliza linatikiswa, rangi nyeusi inamwagwa juu ya vumbi la breki. (Rimu nyeusi ndiyo dini siku hizi. Hata Corolla ya mwalimu mstaafu lazima ionekane kama inakwenda kwenye mashindano.) Kazi ile ya jirani hupendeza siku ya kwanza. Masika moja huimaliza.

Nimeyataja maji kwa kirefu kwa sababu ndiyo mambo yote. Poda juu ya mafuta hubanduka. Rangi juu ya mafuta hubanduka. Anayeuliza rangi au poda bila kuuliza nani atasafisha, na kwa muda gani, hajauliza kitu bado.

Mzee ni mwana wa duko. Rangi hiyo ya DuPont, iliyoanza kupakwa kwenye magari ya General Motors miaka ya 1920, ndiyo iliyokuwa shule ya mafundi wa rika lake, enzi za Peugeot 504 na rimu za chuma cha kawaida. Aloi zilimkuta mtu mzima, baada ya milango ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na magari yaliyotumika Japani kuanza kumiminika bandarini. Duko ilimfundisha adabu ya hewa: palipo na unyevu mwingi huvaa ukungu wa maziwa, na mpaka leo, hata kwa rangi za kisasa, siku ya mawingu mazito hapulizi. Husubiri. Hunyunyizia sakafu maji vumbi lilale, huchuja rangi kwa soksi ya nailoni, huanza na mbavu za mikono ya rimu, uso baadaye. Na fedha kwake si rangi moja. Chembe za metali zilizomo hulala kwa kadiri ya umbali wa bunduki na wepesi wa mkono. Ukiikaribisha bunduki, rangi huiva ikawa nyeusi zaidi, ukiisogeza mbali, hupauka. Basi hujaribu kwanza kwenye mfuniko wa kopo, akaupeleka kando ya rimu nzima za gari lile, kivulini, kisha juani, akaongeza tone. Rimu moja ikikwaruzwa mwakani, ataitengeneza hiyo moja, pengine mahali pale palipoumia tu. Poda haina kiraka: ikitoboka hutolewa yote na kuchomwa upya.

Na moto wenyewe una neno. Aloi nyingi za rimu hupata ugumu wake kiwandani kwa kupikwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 150 na kitu. Tanuri la poda linapita hapo. Likisimamiwa kwa kipimo na kwa dakika chache, hakuna ubaya. Likiwa ni la mageti na madirisha, ambako hakuna anayejali fremu ikizidishwa robo saa, ugumu hupungua na jicho haliambiwi. Kuna na poda ya epoksi, nzuri kwa kabati la ofisini, ambayo jua letu huigeuza chaki. Kuna rimu ya kusubu yenye vitundu vidogo ndani, ambayo isipochomwa tupu kwanza hutoa hewa na kuiacha poda na matundu ya sindano. Karakana zinazoyajua haya zipo, nami ningempeleka huko mwenye gari la barabara mbovu bila kusita. Ila huulizwa bei tu.

Zaidi ya yote ni viti vya nati. Mzee huviziba kwa vizibo vya mpira na karatasi ya gundi, kila tundu, pamoja na uso wa nyuma unaokaa kwenye habu, kwa sababu koti nene pale hubonyea gari likitembea, na nati zikalegea. Nimeona rimu zilizotoka tanurini zimeviringishwa poda mpaka humo, zinang'aa kuliko zote, na kijana wa matairi akazifunga kwa mashine ya upepo bila kuuliza, wala kumwambia mteja arudi kukazia.

Lakini anayewashinda wote wawili, wa bunduki na wa tanuri, ni kontena. Seti za mitumba zimepangwa kando ya barabara, zimepakwa mafuta, zinameremeta, na mwenye mkwaruzo mmoja anabadilisha zote nne kabla ya chakula cha mchana. Zile za zamani zinapimwa kwa kilo na wanunuzi wa vyuma chakavu, zinayeyushwa, zinasubiwa masufuria. Aloi iliyopikwa kwa hesabu ili ibebe gari kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa inakwenda kupikia ubwabwa, na kilichokuwa kimeharibika ni rangi.