Fundi na Ufa

Giaboksi ya Land Rover ya zamani, ile iliyotangulia toleo la Series III la mwaka 1971, haimvumilii dereva mwenye pupa. Gia ya kwanza na ya pili hazina sinkronaiza ya kulinganisha mwendo kabla gia haijaingia. Dereva hukanyaga klachi mara mbili, akasikiliza mvumo wa injini, ndipo aingize. Waliokosa subira waliacha alama kwenye ncha za meno, na alama hizo husomeka hadi leo giaboksi inapofunguliwa. Kazi ya fundi huanzia hapo: kutofautisha kovu na ufa, kisha kuamua kipi kirudi ndani na kipi kiwekwe kando.

Hatua ya kwanza ni usafi, nayo ndiyo inayorukwa kuliko zote siku hizi. Kifaa huoshwa kwa petroli, kikasuguliwa kwa brashi kila pembe, kikakaushwa na kupelekwa penye mwanga wa jua. Mshono wa kalibu umenyooka na umeinuka. Mkwaruzo una kina kinachoonekana, na mara nyingi hufuata njia ya kitu kilichoukwaruza. Ufa hauna adabu hiyo: hukata kona, huvuka mistari ya mashine, hujipinda na kupotea. Ukucha ukikwama mahali ambapo jicho halioni kitu, hapo pana neno.

Penye shaka, huitwa chaki. Kipimo hiki ni cha zamani. Karakana za reli zilikitumia kabla magari hayajaenea duniani. Kifaa hulowekwa kwenye mafuta mepesi, pengine usiku kucha, ili yapenye hata kwenye upenyo mwembamba kuliko unywele. Kisha hupanguswa hadi kikauke kabisa, na juu yake hupakwa unga wa chaki uliolainishwa. Baada ya hapo hakuna cha kufanya ila kungoja.

Kungoja huko ndiko kiini cha ufundi wenyewe. Kama chuma ni kizima, unga hubaki mweupe. Kama kimepasuka, mafuta yaliyojificha hurudi juu polepole, na mstari mwembamba wa kijivu huanza kujichora kwenye weupe, kwanza pale ufa ulipo mpana, kisha kuelekea miisho yake. Fundi hodari hutazama miisho hiyo kuliko katikati. Ufa ulioishia kwenye mnofu mnene wa chuma una hukumu yake, na ulioishia kwenye tundu la bolti au kiti cha beringi una nyingine. Chaki lakini huonyesha tu ufa uliofunguka juu. Uliozama ndani haiufikii.

Sikio nalo lina sehemu yake. Gia iliyovuliwa beringi huning'inizwa kwa waya na kugongwa kwa nyundo ndogo, kama mnunuzi sokoni anavyogonga chungu kabla ya kutoa pesa. Gia nzima hulia kwa muda mrefu. Yenye ufa mkubwa hutoa mlio mfupi uliokufa. Ufa mdogo, hata hivyo, huweza kulidanganya sikio, kwa hiyo kipimo hiki huongezwa juu ya vingine wala hakivifuti.

Elimu ya ufa ilinunuliwa kwa roho za watu. Mwaka 1842, ekseli ya treni ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na abiria wengi wakateketea kwa moto. Miongo iliyofuata, Mjerumani August Wöhler alizipima ekseli za reli na kuonyesha kwamba chuma huweza kukatika chini ya mzigo ambao kingeubeba bila shida mara moja, mradi mzigo huo urudiwe mara nyingi mno. Katika karne ya 20 kikaja kipimo cha sumaku: chuma hutiwa sumaku, kikanyunyiziwa unga wa chuma, nao unga hukusanyika penye ufa. Kwa alumini na shaba, zisizoshika sumaku, kuna rangi ya kupenya, ambayo kwa asili ni yale yale mafuta na chaki yaliyoboreshwa.

Ufa ukishaonekana, swali ni mzigo gani unapita hapo. Kwenye kasha la aloi ya alumini, ufa wa sikio la bolti au wa ukingo usiobeba beringi huweza kutengenezwa. Mwisho wake hutobolewa tundu la milimita tatu hivi ili usiendelee. Ufa huchimbwa, kasha hupashwa moto, huchomelewa na kuachwa lipoe taratibu. Alumini iliyokunywa oili kwa miaka mingi hutoa vipovu, kwa hiyo husafishwa na kupashwa tena hadi iache kutoa moshi. Ufa uliokatiza kiti cha beringi ni jambo jingine: shafti hupoteza mstari, na meno huanza kukutana kwa pembe badala ya uso.

Kwenye gia hukumu ni kali zaidi. Jino linapobeba mzigo hupinda kidogo, na mkazo hujikusanya shinani. Ncha iliyolika kwa kukwaruza gia huweza kulainishwa na kurudi kazini, iwapo uso wa jino haujaguswa. Vishimo vidogo usoni ni uchakavu, nao hupimwa kwa wingi wake. Ufa wa shinani haupimwi, gia imekwisha. Shafti iliyopasuka kwenye kona ya mfereji wa spilaini au wa klipu nayo imekwisha, na ringi ya sinkronaiza iliyopasuka vivyo hivyo.

Methali ya kuziba ufa ilitungwa kwa ajili ya ukuta. Gia ina ngozi ngumu, nyembamba, juu ya kiini laini zaidi. Moto wa kuchomelea huiharibu ngozi hiyo, na kinachobaki ni jino lenye sura nzima na nguvu nusu. Likikatika, huingia kati ya gia nyingine, giaboksi ikakaba na kasha likapasuka. Anayeokota vipande huona ushahidi: sehemu laini iliyofanywa nyeusi na oili, ambako ufa ulikuwa ukitembea siku nyingi, na sehemu yenye mparuzo inayong'aa, iliyokatika siku ile.

Zamani kipande kama hicho kiliwekwa kwenye rafu ya karakana, mwanafunzi akafundishwa kukisoma. Sasa hupimwa kwa kilo pamoja na chuma chakavu kabla hajakitazama mtu. Mteja anataka gari jioni, rangi ya fedha inapakwa juu ya weldi, na spea isiyojulikana ilikotoka inafungwa bila hata kuoshwa. Vipimo havijapotea, na chaki bado ni rahisi. Kinachoadimika ni fundi wa kusema "hiki hakirudi" akijua kwamba kwa neno hilo mteja atahamia gereji ya jirani, na mteja wa kumlipa kwa sababu amelisema.