Pongezi kwa Waliomrudisha Syl Johnson

Kampuni ya Numero Group ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 2003, inastahili pongezi za dhati. Wauzaji wa muziki wa zamani ni wengi. Hawa huusaka kwanza. Huwatafuta wanamuziki wenyewe, hupekua maboksi ya kanda na picha, kisha huandika historia yao kwenye kijitabu cha santuri. Toleo lao la kwanza lilifufua Capsoul, lebo ndogo ya Bill Moss mjini Columbus, Ohio. Mwaka 2010 wakatoa mkusanyo mkubwa wa mwimbaji wa soul Syl Johnson, santuri 6 na CD 4, mwenyewe akiwa hai. Hilo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Nyumbani mama huomba nyimbo za Syl zirudiwe. Shemeji ameshazihamishia kwenye simu. Nawe wasikilizishe watu wako.